Soya nyeusi za asili: majani tele, maganda machache. Tatizo ni nini?

#1 Mwanabustani

Salamu kwenu wote. Ninaomba maarifa ya wenye uzoefu na soya nyeusi, hasa mbegu za kurithi ambazo watu hupeana na kuzihifadhi wenyewe msimu hadi msimu. Nimezipanda kwenye tuta moja nyuma ya nyumba, katika udongo uliolishwa samadi iliyooza vizuri, nikaacha sentimita 15 kati ya mche na mche na sentimita 50 kati ya mstari na mstari. Mimea imefika kifuani, majani ni mapana na ya kijani kilichokolea, na mingine imeanza kulala. Maua yalichelewa, maganda ni ya kuhesabika, na mengi kati ya hayo ni bapa, hayana kitu ndani. Linalonishangaza zaidi ni kwamba kufikia sasa majani yalipaswa kugeuka manjano na kudondoka, lakini bado ni mabichi kana kwamba mimea haina habari kuwa msimu unaisha. Je, ni mbegu, ni udongo, ni wadudu, au kuna jambo jingine?

#2 Jembe la Zamani

Ndugu Mwanabustani, jibu umelileta mwenyewe pamoja na swali: samadi. Mimea ya jamii ya kunde haihitaji kulishwa naitrojeni kama mahindi. Ukiipa kwa wingi hufanya majani, hurefuka, hulala na kukawia kuzaa. Mimi soya hupanda kwenye tuta lililotumika kwa zao jingine msimu uliotangulia, bila kuongeza chochote, nazo huishia usawa wa kiuno zikiwa zimesimama wima. Msimu ujao iache samadi, utaona tofauti.

#3 Mzizi Mkuu

Naomba kupunguza kidogo uhakika wa Jembe la Zamani. Ni kweli kwamba naitrojeni ikizidi udongoni mmea huzembea kutengeneza vinundu kwenye mizizi, yaani makazi ya bakteria wanaoulisha naitrojeni ya hewani, na ni kweli kwamba huchangia kulala. Hata hivyo soya ni miongoni mwa mazao yenye njaa kubwa zaidi ya naitrojeni, kwa kuwa karibu asilimia 40 ya punje yake ni protini. Ili kutoa tani moja ya punje, zao hukusanya takriban kilo 80 za naitrojeni. Samadi inaweza kueleza urefu na kulala, lakini haielezi kwa nini ganda lijitokeze kisha libaki bapa.

Mimi ningeanza na mizizi. Bakteria wanaoishi na soya, Bradyrhizobium japonicum na jamaa zake wa karibu, hawapatikani katika kila udongo, na kuwahi kulima maharage mahali hapo si dhamana, kwa sababu bakteria wa maharage ni wengine. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, ilianza kuzalisha soya za kundi la TGx kuanzia miaka ya 1970 kwa sababu hiyohiyo: ilitafuta mbegu zitakazokubaliana na bakteria waliomo tayari katika udongo wa Afrika, ili mkulima asilazimike kununua chanjo ya mbegu, yaani bakteria wa kupaka kwenye mbegu, kila mara. Mbegu nyingi za kale kutoka Asia ya Mashariki hazina ukarimu huo. Kwa hiyo chimba mche mmoja taratibu kwa uma wa bustani, bila kuung'oa kwa mkono, kisha pasua vinundu vichache kwa ukucha. Ndani vikiwa vyekundu au vya waridi, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, havifanyi.

#4 Msomi wa Usiku

Mnachimba mizizi wakati mmea unatazama anga. Soya ni mmea wa siku fupi, na usahihi wake ni kwamba mmea hupima urefu wa usiku: usiku usipokuwa mrefu vya kutosha, na usiokatizwa, mmea huendelea kuotesha majani na kusubiri. Garner na Allard, wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walichapisha jambo hili mwaka 1920 wakitumia tumbaku na soya iitwayo Biloxi. Waliipanda Biloxi kwa vipindi, mafungu mengine yakitangulia kwa majuma mengi, na yote yakachanua karibu wakati mmoja mwezi Septemba. Yaliyotangulia kupandwa hayakutangulia kuzaa. Yalichokipata ni kuwa makubwa zaidi.

Sasa itazame mimea ya Mwanabustani: mikubwa, imechelewa maua, haitaki kuzeeka. Wazalishaji wa soya huzigawa mbegu katika makundi 13 ya ukomavu, kuanzia 000 kwa zile za mbali kaskazini hadi X kwa zile za tropiki, lakini mbegu ya kurithi haiji na kibandiko. Soya nyeusi nyingi za kale ni za kuchelewa. Tanbaguro ya Japani, ambayo ndiyo mashuhuri kuliko zote, hupandwa mwezi Juni na punje zake kavu huvunwa mwishoni mwa vuli, kuanzia Novemba.

Maswali mawili kwa mleta uzi: siku za huko kwako huwa na urefu gani wakati wa kupanda, na je, kuna taa inayowaka usiku karibu na hilo tuta?

#5 Tuta la Nyuma

Hamjataja nyuki. Siku hizi nyuki wamepungua sana kwenye bustani za nyumbani. Ua lisilotembelewa halizai, na ganda bapa ni ganda ambalo halikuchavushwa. Panda maua yanayowavutia nyuki pembezoni mwa tuta.

#6 Mama Mbegu

Mwanangu Tuta la Nyuma, maua yapande kwa faida yake, lakini soya usiisingizie. Ua la soya hujichavusha lenyewe, na mara nyingi kazi hiyo humalizika kabla halijafunguka. Uchanganyaji kati ya mche na mche kwa kawaida hauzidi asilimia moja, na ndiyo maana tunaweza kutunza aina mbili kwenye bustani moja zikitengwa mita chache tu. Kisha ganda lenyewe ni ushahidi: ua ambalo halikuchavushwa hudondoka, halikai mpaka likawa ganda.

Niongeze jambo moja la kumtuliza Mwanabustani. Soya hudondosha maua mengi hata ikiwa na afya kamili, kati ya asilimia 40 na 80. Ukiona maua chini asubuhi, usikimbilie dawa. Joto likizidi nyuzi 35 au maji yakikatika wakati maganda machanga yanatokea, hasara hiyo hupanda. Je, ulimwagilia vipi majuma yale ya maua?

#7 Nusu Ekari

Ninashangaa kwamba tumefika posti ya sita na hakuna aliyetaja wadudu. Maganda bapa, majani yanayogoma kuzeeka, shina bichi wakati wa kuvuna: hizo ni alama za wale wadudu wa kijani wenye umbo la ngao, Nezara viridula na jamaa zake, ambao wakiguswa hutoa harufu mbaya. Hawatafuni chochote, kwa hiyo jani linabaki zima na mwenye bustani haoni dalili. Huchoma ganda kwa mdomo wao mfano wa sindano na kufyonza punje ikiwa bado ni maziwa. Mmea uliokuwa ukipeleka chakula kwenye punje unakosa mahali pa kukipeleka, chakula kinabaki kwenye majani na shina, na majani hayadondoki.

Chukua ganda bapa, lifungue, litazame kwenye mwanga. Ukikuta kipunje kilichosinyaa chenye kidoa cha kahawia, na kidoa kama hicho upande wa ndani wa ganda, kesi imekwisha. Ukiwatafuta wenyewe, nenda asubuhi mapema kabla hawajachangamka, tandika kitambaa cheupe chini ya mmea, kisha utikise shina.

#8 Mwanabustani

Asanteni. Ninajibu kwa pamoja.

Nimechimba mche mmoja kama alivyoelekeza Mzizi Mkuu. Vinundu vipo lakini si vingi, vimejikusanya karibu na shina, na nilivyovipasua ni vya waridi. Maji yalikuwapo wakati wote wa maua, na joto halikufikia kiwango alichotaja Mama Mbegu. Urefu wa siku wakati wa kupanda haufiki saa 13. Taa ipo. Imefungwa ukutani kwa ajili ya usalama na huwaka usiku kucha, ikimulika nusu ya tuta. Nilipokwenda kutazama upya, mimea iliyo chini ya taa ndiyo mirefu zaidi na ndiyo yenye maganda machache zaidi. Ile ya upande wa giza imefanya maganda mengi kuliko hiyo, lakini nayo mengi ni bapa. Nimefungua kadhaa, na katika baadhi nimeona vidoa anavyovieleza Nusu Ekari, katika mengine sikuona chochote.

#9 Kivuli

Kwa hiyo soya za ndugu yetu zimeajiriwa kama walinzi wa usiku, na ninyi mnataka zizae watoto kazini.

#10 Msomi wa Usiku

Kivuli amecheka, lakini amesema kweli. Mwanga hafifu wa taa unatosha kuivunja hesabu ya usiku katika mmea kama huu. Palipo na taa za barabarani kandokando ya mashamba ya soya, huonekana kipande cha kijani chini ya kila taa wakati shamba lililobaki limekauka. Kwa siku isiyofika saa 13, mbegu hiyo ilipaswa kuchanua mapema, na kwa hiyo ninaihesabu taa kuwa mshukiwa wa kwanza.

#11 Tuta la Nyuma

Lakini mimi nilisoma kwamba soya za nchi za baridi zikiletwa karibu na Ikweta ndizo zinazorefuka bila kuzaa. Huenda ndiyo hali ya mbegu hii.

#12 Msomi wa Usiku

Ni kinyume chake. Karibu na Ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo mbegu ya kaskazini huona usiku mrefu tangu inapoota, huchanua ikiwa bado fupi kama kiganja, na hutoa maganda machache yaliyo karibu na ardhi. Hilo ndilo tatizo lililoikabili Brazili ilipotaka kusogeza kilimo cha soya kuelekea Ikweta. Suluhisho lilipatikana kwa mbegu zenye tabia ya utoto mrefu, yaani mmea ambao kwa kipindi fulani cha mwanzo hauharakishi maua hata usiku ukiwa mrefu. Mmea mrefu usiozaa ni kilio cha mbegu ya kusini iliyopelekwa kaskazini, au cha mbegu yoyote iliyowekwa chini ya taa.

#13 Nusu Ekari

Taa inaeleza nusu ya tuta. Nusu nyingine iko gizani na bado ina maganda bapa yenye vidoa. Msomi hajaligusa hilo.

#14 Jembe la Zamani

Na mimi sijaiacha samadi yangu, maana ilimwagwa tuta zima, kwenye mwanga na kwenye giza. Vinundu vichache vilivyokusanyika karibu na shina ndivyo nilivyotarajia kuviona kwenye udongo ulioshiba.

Lakini niongeze jambo ambalo limepitwa tangu posti ya kwanza: sentimita 15 kati ya mche na mche. Nafasi hiyo inazifaa soya fupi za njano. Soya nyeusi zenye punje kubwa hutanua matawi, na wanaozilima Tanbaguro huzipa nafasi maradufu ya hiyo na zaidi. Punje 100 za soya ya kawaida huwa na uzito wa gramu 15 hadi 20, wakati punje 100 za Tanbaguro huweza kufika gramu 80 hivi. Mmea unaojaza punje za ukubwa huo unahitaji jua kwenye majani ya chini. Ukibanwa, hunyanyuka kutafuta mwanga, maganda ya chini hukosa chakula, na mvua kidogo ikija huanguka. Kwa hiyo mpe nafasi, umwinulie udongo shinani mara mbili wakati wa kupalilia, na ukate ncha ya shina kuu baada ya jani la kweli la tano hadi la saba. Ataacha kurefuka na kutoa matawi.

#15 Mama Mbegu

Jembe, hapo kwenye kukata ncha tuwe waangalifu, maana wasomaji watakimbia na mkasi. Ushauri huo unafaa kwa aina zinazochelewa, zenye muda wa kuotesha matawi mapya kabla ya maua. Ukikata ncha ya soya ya muda mfupi, au ukikata maua yakiwa yameshaanza, unaondoa mahali ambapo maganda yangekaa na mmea hauna muda wa kufidia. Kwanza ijue mbegu yako. Kuinulia udongo sina ugomvi nako: huzuia kulala na huamsha mizizi mipya kwenye shina.

#16 Punje Kavu

Naomba kuingiza swali langu hapa kwa kuwa linahusu mbegu hizohizo. Mavuno yangu ya soya nyeusi yana punje za kahawia hapa na pale. Nyingine ni za kahawia kabisa, nyingine zina rangi ya zambarau iliyofifia. Mbegu niliyoanza nayo ilikuwa nyeusi tupu. Je, zimechanganyika na soya za njano za upande wa pili wa bustani?

#17 Msomi wa Usiku

Kama zimechanganyika na njano, hungeona hivyo. Ganda la nje la punje ni sehemu ya mama na halitokani na uchavushaji wa msimu huo, kwa hiyo hata ua likipata chavua ya jirani, punje inayozaliwa hubaki na rangi ya mama yake. Mabadiliko huonekana ukiipanda punje hiyo, na hapo pana kioja, kwa sababu njano ndiyo inayotawala: mtoto wa nyeusi na njano kwa kawaida hatazaa punje nyeusi. Kahawia ni suala jingine. Jeni moja huamua kama rangi itafika weusi au itaishia kwenye kahawia, na weusi ndio unaotawala. Mbegu yako inaweza kuwa ilibeba kahawia kwa siri kutoka kwa mchanganyiko wa zamani.

Kwa hakika nyeusi ndiyo rangi ya ukoo. Soya mwitu, Glycine soja, ambayo ilifugwa nchini Uchina maelfu ya miaka iliyopita, hutambaa na kuzaa vipunje vidogo vyeusi. Soya ya njano ni soya iliyozimiwa kiwanda cha rangi.

#18 Mzizi Mkuu

Maelezo ni mazuri, lakini tusikimbilie jeni kabla ya kutazama ukomavu. Punje nyeusi hazianzi nyeusi. Hutoka kijani, hupata wekundu wa zambarau, kisha huiva kuwa nyeusi ganda linapokaribia kukauka. Mmea ukifa kwa ukame au ukivunwa mapema, punje za mwisho hukaukia njiani, na hizo ndizo zenye zambarau iliyofifia. Punje Kavu azitenge hizo na zile za kahawia kamili, kwa maana huenda ana matatizo mawili yaliyokaa kwenye bakuli moja.

Kuhusu kuzimwa kwa kiwanda cha rangi alikosema Msomi, kuna jambo la kupendeza: mmea wa njano ukishikwa na kirusi cha batobato ya soya, punje zake hutoka na mabaka ya kahawia au meusi, kwa sababu kirusi huvuruga ule utaratibu uliokuwa umeizima rangi. Kwenye soya nyeusi hakuna cha kufichuliwa, na hiyo ni hasara kwetu, maana tunaikosa dalili inayoonekana kwa urahisi. Vivyo hivyo kwa ugonjwa wa doa la zambarau unaoletwa na kuvu: kwenye punje ya njano unaonekana wazi, kwenye nyeusi unaupanda msimu ujao bila kujua.

#19 Nusu Ekari

Kirusi hicho kinatuhusu pia kwenye swali la mwanzo, kwa sababu mmea ulioshikwa nacho mapema huzaa maganda machache na mara nyingine maganda bapa yasiyo na punje. Huenezwa na vidukari na pia hupita ndani ya mbegu yenyewe, na mbegu ya kurithi inayotunzwa bila kuchagua mama wazuri hukibeba miaka mingi. Mwanabustani, majani machanga yamekunjamana au yana mabaka ya kijani kilichofifia na kilichokolea?

#20 Mwanabustani

Michache upande wa giza ina majani yaliyokunjamana ncha, lakini sikuweza kuamua kama ni kirusi au ni vidukari wenyewe, kwa kuwa nao wapo. Mingi ina majani laini kabisa.

#21 Kivuli

Orodha ya washtakiwa hadi sasa: samadi, bakteria, taa, mdudu mwenye ngao, nafasi, kirusi na nyuki. Nyuki ameachiwa huru kwa kukosa ushahidi. Wengine wote wanaonekana walikuwapo eneo la tukio.

#22 Mgeni Bustanini

Ninaanza msimu huu, samahani kwa swali dogo kati ya mambo makubwa. Mbegu niloweke kabla ya kupanda, au hapana? Nimeona ushauri wa pande zote mbili.

#23 Mama Mbegu

Karibu, mwanangu. Usiloweke. Punje ya soya hunywa maji kwa pupa, na ikinywa haraka mno, hasa maji yakiwa baridi, nyama ya ndani hupasuka na bakteria wa kuozesha hupata mlango. Soya nyeusi ina ganda gumu kidogo linalopitisha maji polepole, na hiyo ni kinga yake, kwa hiyo usiivue kinga hiyo kwenye bakuli la maji. Panda kina cha sentimita 3 kwenye udongo wenye unyevu uliokwisha pata joto. Chini ya nyuzi 10 haitaota. Kati ya 25 na 30 itachomoza ndani ya juma moja. Usipande kina kirefu, kwa sababu soya hunyanyua zile nusu mbili za mbegu hadi juu ya ardhi, na udongo ulioganda juu huvunja shingo yake. Zikichomoza zifunike kwa wavu mpaka majani ya kweli yafunguke, maana ndege wanazipenda kuliko sisi.

#24 Jembe la Zamani

Nakubali yote isipokuwa moja. Punje chache katika soya nyeusi huwa ngumu kabisa, hazipitishi maji hata zikikaa udongoni muda mrefu. Hizo mimi huzikwaruza kidogo kwa msasa upande ulio mbali na kovu la mbegu. Bila hivyo huota zikichelewa, na tuta linakuwa na watoto wa rika tofauti.

#25 Mama Mbegu

Msasa sawa, kwa hizo chache tu. Kwa zilizobaki tatizo kubwa ni mbegu kufa ghalani, kwa kuwa mafuta yaliyomo huifanya soya kuzeeka haraka kuliko mahindi au mtama. Kwenye joto na unyevu, mbegu ya mwaka jana inaweza kuwa imekwisha. Kuna kanuni ya zamani ya watunza mbegu: kila asilimia moja ya unyevu unayoipunguza ndani ya punje, na vilevile kila nyuzi 5 za joto unazozipunguza, huongeza maradufu umri wa mbegu. Kwa hiyo anika kivulini penye upepo, pura kwa mkono bila kuzipiga kwa nguvu, kisha weka kwenye chombo kisichopitisha hewa ukiwa na hakika kwamba punje zimekauka kiasi cha kuvunjika ukizigonga, badala ya kubonyea. Na mbegu ichukuliwe kwenye mimea iliyokomaa wakati mmoja na iliyojaa maganda. Mwanabustani, kwenye tuta lako sasa hivi sioni mama wa mbegu.

#26 Mwanabustani

Nimelipokea hilo, nitabakiza mbegu ya akiba niliyoiweka na kuacha hii. Kwa msimu ujao nimefikiri hivi: nitagawa tuta mara mbili, upande mmoja samadi na upande mmoja bila, nafasi ya sentimita 40 kote, nitapaka mbegu chanjo ya bakteria, na taa nitaizima kabisa tangu mimea inapoota hadi maganda yatakapojaa. Maganda yakijaa, nitajua ilikuwa taa.

#27 Mzizi Mkuu

Ukibadilisha nafasi, chanjo na taa kwa mkupuo, utavuna soya lakini hutavuna jibu. Acha vingine vyote kama vilivyokuwa na ubadilishe kimoja.

#28 Jembe la Zamani

Amesema anataka soya, Mzizi, hajasema anataka shahada. Abadilishe vyote.

#29 Nusu Ekari

Hata akibadilisha taa peke yake, bado hatajua. Wadudu wale wa ngao huvutwa na mwanga wa usiku. Hukamatwa kwa mitego ya taa. Akiizima taa na maganda yakajaa, Msomi atasema usiku umerefuka, na mimi nitasema wageni wamekosa wa kuwaonyesha njia, na sote tutakuwa na ushahidi uleule.

#30 Msomi wa Usiku

Basi aiache taa iwake, afunike mimea michache iliyo chini yake kwa wavu mwembamba usiopitisha mdudu, kabla maganda hayajatokea. Soya hujichavusha, kwa hiyo wavu hautaizuia kuzaa. Ikijaza maganda ndani ya wavu na taa ikiwaka, nitanyamaza.

#31 Nusu Ekari

Wavu utapunguza pia mwanga wa taa. Kwa kiasi gani, sijui, na wewe ndiye uliyesema kwamba mwanga hafifu unatosha. Kwa hiyo anahitaji na wavu wa pili ulio wazi pande zote, upunguze mwanga vilevile na kumruhusu mdudu aingie.

#32 Mwanabustani

Tuta langu lina upana wa mita moja na robo. Nitaweka nyavu zote mbili na nitaleta picha maganda yakianza.